Lambo la Chama cha Wema

Kikombe kilikuwa bado kinabingirika sakafuni. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji, na kama hukupata usingizi sikulaumu. Kilimponyoka Salimu Mgaza, katibu wa Chama cha Wema cha Korogwe, katikati ya karamu ya chama kutimiza mwaka, mara tu mwenyekiti wake aliposema: "Jumamosi hii Bwana DC wa Handeni anakwenda Kwamdimu kulifungua lambo letu."

Makofi yalipigwa. Chai ya Salimu ilitiririka hadi kwenye viatu vya mwenyekiti.

"Lambo gani, Bwana Dunstan?" aliuliza Salimu.

"Lambo letu."

"Liko wapi?"

"Kwamdimu. Si wewe mwenyewe uliyelipendekeza?"

"Nililipendekeza. Hatujalichimba!"

Bwana Dunstan Sempombe alikuwa karani mkuu wa shamba moja la mkonge upande wa Mazinde. Alikuwa na tumbo la heshima, tai ya mistari, na sauti ya mtu aliyezoea kusomea wenzake majina asubuhi. Aliinama taratibu, akafuta viatu kwa leso, akainuka.

"Katibu," alisema, "usituharibie karamu."

"Naunga mkono," alisema Kaleb, mweka hazina.

Kaleb alikuwa anaunga mkono kila kitu tangu chama kianze. Mwezi wa tatu liliwahi kuletwa pendekezo la kumwondoa yeye mwenyewe, naye akaliunga mkono kwa mazoea. Ilibidi abembelezwe kubaki.

Sasa, kwa wewe uliyelipata gazeti hili leo kwa bahati, pengine umefungiwa karanga ndani yake, nikuweke sawa upesi upesi kabla Jumamosi haijatufikia.

Chama cha Wema kilianzishwa na waungwana wa Korogwe, makarani na walimu, baada ya kusikia kwamba Wazungu wa Tanga wana chama cha kuisaidia jamii, ambacho wanachama wake hula pamoja kila wiki na kupigwa picha. Hiyo habari ya kuisaidia jamii waungwana wetu waliielewa juu juu. Kula na picha walivielewa barabara.

Katika mkutano wa kwanza Salimu, mwalimu kijana, alisimama akaomba chama kichimbe lambo la kukingia maji ya mvua huko Kwamdimu, mbele ya Kang'ata, kijijini kwa wakwe zake. Huko kiangazi kikishika, wanawake hufukua mchanga wa mto mkavu kwa mikono na kungoja maji yachuruzike. Pendekezo lilipita bila mpinzani. Bwana Dunstan alilipenda sana, hasa kwa sababu Kwamdimu ni mbali, na hakuna mtu wa Korogwe ambaye angejisumbua kwenda kukagua.

Salimu naye akapanda gari hadi ukweni, akasimama mbele ya wazee, akaahidi lambo kwa sauti kubwa. Mkewe Swaumu alilia kwa furaha siku ile.

Kisha kukafuata mwaka wa kazi. Miezi ya mwanzo iliishia kwenye rangi ya tai. Baadaye wakabishana kama mwenyekiti aingie ukumbini wa kwanza ili angojewe na viti, au wa mwisho ili asimamiwe na watu. Walisafiri Tanga kujifunza namna ya kufungua mkutano, wakarudi wakagundua hawakujifunza namna ya kuufunga, wakasafiri tena. Yakanunuliwa majembe mapya, wakapigwa picha nayo, Kaleb akiwa ameshika la kwake upande wa bati. Baada ya picha majembe yalitundikwa ukutani, na chini yake pakawekwa meza ya keki.

Swaumu alivumilia. Alivumilia mpaka mwezi uliopita, mama yake alipoanguka na mtungi njiani akateguka mkono. Siku hiyo alifunga kanga zake katika furushi, akasimama mlangoni.

"Ninakwenda kumchotea mama maji," alimwambia Salimu. "Siku utakayonionyesha lambo, nitarudi kwako. Ila usije ukanionyesha picha."

Akaenda, na nyumba ya Salimu tangu siku hiyo ilikuwa kimya mno. Alikuwa anampenda mkewe, jamani, tena sana, na hakuwa na haja nyingine duniani ila amrudishe. Sasa unaelewa kwa nini kikombe kilimponyoka.

Turudi karamuni.

"Bwana DC nilikutana naye stesheni," alieleza Bwana Dunstan, akimvuta Salimu pembeni. "Akaniuliza chama chenu kimefanya nini mwaka huu. Ungekuwa wewe ungemjibu nini? Tai?"

"Ningemwambia ukweli."

"Ndiyo maana wewe ni katibu. Sikiliza. Kwamdimu hakuna shimo lolote?"

"Kuna shimo la udongo. Watu wanachimba hapo udongo wa kukandikia nyumba."

"Kubwa?"

"Kubwa, lakini halina kina."

"Basi!" Bwana Dunstan alipiga kofi begani mwa katibu wake. "Shimo na lambo vina tofauti gani? Maji tu. Maji yamejaa mto Pangani. Mapipa yapo shambani kwetu, na lori lipo. Tunayamwaga asubuhi, DC anakata utepe saa nne, saa tano tunakula."

"Naunga mkono," alisema Kaleb, ambaye hakuna aliyejua amefika saa ngapi.

Hapa, msomaji, ningependa kukuambia kwamba Salimu aligonga meza akakataa. Hakugonga. Aliokota vipande vya kikombe, akasema, "Sawa, Bwana Mwenyekiti," kisha akaenda nyumbani akajichukia.

Jumamosi ikafika.

Lori la mapipa liliendeshwa na Fransisko, Mnyamwezi aliyeletwa na mkataba wa kukata mkonge, akakata mpaka akachoka, akajifunza usukani. Waungwana walipanda nyuma katikati ya mapipa, suti zao zikilowa. Salimu alikaa mbele na dereva, na alikuwa na lake moyoni.

Wote tunajua kwamba Mnyamwezi na Mzigua ni watani, tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia, akakuita mchawi mbele ya mkeo, akala chakula chako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Msibani ndio usiseme. Hushuka kaburini kabla ya maiti, akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe chochote.

"Fransisko," alianza Salimu, walipoipita Handeni, "Bwana Dunstan ni mtani wako."

"Na wewe pia. Ninyi Wazigua wote ni watumwa wangu. Sijawauza kwa sababu sijapata mnunuzi mjinga."

"Basi nisaidie. Leo mbele ya DC, mwambie ukweli wake wote. Hili lambo la uongo, maji ya mapipa, mwaka mzima wa chai. Wewe hawezi kukufanya kitu, huo ni utani."

Fransisko alimgeukia, akamtazama kwa muda mrefu kuliko barabara ile ilivyoruhusu. Lori likapanda kichuguu. Nyuma waungwana walipiga kelele.

"Kwa nini usiseme wewe?"

"Mimi nitafukuzwa."

"Hayaa," alisema Fransisko, akirudisha lori njiani. "Nipe hayo maneno."

Salimu akampa, yote, tangu tai mpaka keki. Akajiona amefanya jambo la akili sana, maskini.

Walifika Kwamdimu jua likiwa bado dogo. Mapipa yakateremshwa, maji yakamwagwa shimoni, na kweli, ukisimama mbali na kukunja macho kidogo, palifanana na lambo. Utepe ukafungwa kwenye vijiti. Bwana Dunstan akaridhika, akawapeleka wanachama wote hadi njia kuu wakajifunze kumpokea mgeni: nani atoe mkono kwanza, nani akohoe, nani asikohoe.

Waliporudi, shimo lilikuwa tupu.

Lilibaki tope, na nyayo za miguu mingi. Ukingoni walisimama wanawake wa Kwamdimu, ndoo na mitungi imejaa hadi mdomoni, wakitweta kwa furaha. Walikuwa wameona maji yameletwa kijijini, nao wakafanya ambacho kila mtu hufanya akiona maji.

"Mmeyachota!" alifoka Bwana Dunstan. "Mmelichota lambo!"

Bi Mwanaidi, mama yake Swaumu, alikuwa mbele, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Kwa heshima ya ukwe hakumtazama Salimu, wala hakumsemesha. Aliligeukia lori.

"Wewe gari," alisema kwa adabu, "mwambie mkwe wangu maji tumeyaona, Mungu ambariki. Ila siku nyingine asiyamwage chini kwanza. Yameingia tope."

Salimu, naye kwa heshima, aliinamisha kichwa akalijibu gurudumu. "Mwambie mama nimesikia. Shikamoo."

Alipoinua macho alikutana na ya Swaumu. Alikuwa na ndoo kichwani, na hakuwa na haraka ya kuitua.

"Ndilo hilo?" aliuliza.

"Swaumu, mke wangu—"

"Nimeuliza. Ndilo hilo lambo?"

Kabla hajajibu, honi ikalia. Landrova ya Bwana DC ilikuwa imeingia.

Bwana DC aliteremka na kofia yake, mkalimani wake na askari wake mmoja. Bwana Dunstan hakungoja aangalie huku na huko. Alianza hotuba palepale mlangoni mwa gari. Alieleza jasho lililomwagika. Alieleza jinsi wanachama walivyoacha familia zao. Kaleb, mwenye tumbo lisilowahi kuinama shambani, alionyesha viganja vyake, na Bwana DC akavitazama kwa huzuni.

Kisha wakausogelea utepe. Bwana DC akachungulia, akasema jambo kwa Kiingereza.

"Bwana DC anauliza," alisema mkalimani, "maji yako wapi?"

Waungwana wote wakatazama viatu vyao.

"Mwambie," alisema Bwana Dunstan bila kupepesa, "kwanza ni ufunguzi. Maji yako katika mpango wa mwakani."

Mkalimani akatafsiri. Bwana DC aliitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa. Alikuwa mtumishi wa serikali wa siku nyingi, na jambo hilo halikuwa geni kwake. Akachukua mkasi.

Ndipo Fransisko aliporuka.

Aliruka utepe, akatua topeni, akajilaza chali na kukunja mikono kifuani. "Jamani!" alipiga yowe. "Nimefika msibani nimechelewa! Nani amekufa?"

"Hajafa mtu!" waliitikia wanakijiji, na vicheko vikaanza kwa mbali.

"Mnanificha! Kaburi mmelichimba, suti mmevaa, nani tunamzika? Aa! Nimekwishajua. Limekufa neno la mtani wangu Dunstan! Mwaka mzima ameliuguza kwa chai na keki. Akalinunulia tai, halikupona. Akalipeleka Tanga mara mbili, wapi!"

Watu walishika mbavu. Bibi mmoja alikaa chini.

"Hili shimo," aliendelea Fransisko, "mmelichimba ninyi watu wa Kwamdimu mkikandika nyumba zenu! Hao mabwana hawajalitia jembe. Na maji ya asubuhi ni mimi niliyeyabeba kwa mapipa kutoka Korogwe, ili wamdanganye Bwana DC! Dunstan, mwongo wewe, mtumwa wangu, nipe haki yangu nitoke kaburini!"

Ukweli wote ulikuwa umesemwa, kwa sauti ya kusikika Kang'ata. Salimu alifumba macho akingoja radi.

Alisikia kicheko. Wanakijiji walicheka, askari alicheka, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Bwana Dunstan, akifuta machozi kwa leso ileile ya viatu. Mzigua gani angemnunia mtani mbele ya watu?

"Huyu ni nani?" aliuliza Bwana DC.

"Ni mila, bwana," alijibu mkalimani. "Ni watani. Husema uongo wa kuchekesha kwenye shughuli."

Bwana DC alifurahi sana. Alipiga makofi, akatoa kamera yake, akampiga Fransisko picha tatu akiwa kaburini, na moja pamoja na Bwana Dunstan, ambaye aliivua kofia yake kwa madaha akamkabidhi mtani wake awe ameridhika.

Fransisko alitoka shimoni na kofia kichwani na uso wa mtu aliyeshindwa. Alipompita Salimu aliminya midomo. "Mtani, nimeyasema yote kama ulivyonipa. Wameyafanya ngoma."

Salimu angewezaje kulisahau jambo ambalo kila mtoto wa Kizigua analijua? Neno la mtani halishikwi. Ndiyo maana anaruhusiwa kulisema.

"Umemtuma wewe."

Alikuwa Swaumu, nyuma yake kabisa, anazungumza chini chini.

"Nani kakuambia?"

"Maneno ni yako. Mimi nimeishi nayo, nayajua." Aliitua ndoo. "Hata hili, Salimu? Hata hili umemwachia mtu mwingine alifanye?"

Mkasi ulikuwa tayari umeufikia utepe.

"Ngoja!" alisema Salimu.

Hakusema kwa nguvu, lakini alisema kwa namna ambayo watu waligeuka. Alipiga hatua mbele, mbele ya wakwe zake, mbele ya serikali.

"Mimi ni Salimu Mgaza, katibu wa chama. Mambo aliyoyasema Fransisko ni kweli. Lambo hatujachimba. Maji tuliyaleta kwa mapipa. Mimi nilijua, nikanyamaza."

Hakuna aliyecheka. Yalikuwa maneno yaleyale, lakini Salimu ni Mzigua, Dunstan ni Mzigua, na kati yao hapakuwa na utani wowote wa kujificha. Wazee wa Kwamdimu walitazamana. Bwana DC alimgusa mkalimani kwa fimbo, ndipo akatafsiri.

Uso wa Bwana DC ulianza kuwa mwekundu kutokea shingoni. Aliuliza swali moja fupi.

"Anauliza, nani alimdanganya?"

Sasa hapa umstahi Bwana Dunstan, msomaji, maana si kila mtu ana kipaji kile. Hakubabaika hata chembe. Alinyoosha kidole, na kilielekea kwa Salimu.

"Katibu ndiye aliyekabidhiwa lambo! Amekiri mwenyewe, mmemsikia wote! Ametudanganya mwaka mzima! Bwana DC, uturuhusu tufanye mkutano wa dharura."

Wakaufanya palepale, wamesimama kando ya utepe. Ulikuwa mkutano mfupi kuliko yote katika historia ya chama.

"Napendekeza katibu afukuzwe."

"Naunga mkono," alisema Kaleb.

Mikono yote ikapanda. Bwana Dunstan akanyoosha wa kwake mbele ya kifua cha Salimu, kiganja juu. "Tai ya chama, tafadhali."

Salimu aliifungua. Vidole vilikuwa vinakataa fundo, na watu wote wanatazama, na aliona aibu ambayo hajapata kuiona maishani. Lakini tai ilipotoka, alishangaa jinsi pumzi ilivyopita vizuri.

Bwana DC aliondoka kwa hasira, na Bwana Dunstan akaingia naye ndani ya Landrova bila kualikwa, anaongea hata kabla mlango haujafungwa. Waungwana waliobaki wakaparamia lori.

"Twende zetu!" waliamuru.

"Injini imechemka," alijibu Fransisko, kofia ya mwenyekiti imemkaa upande. "Inataka maji."

"Tia maji!"

"Maji yako katika mpango wa mwakani."

Salimu hakuyasikia hayo. Alikuwa ameazima jembe kwa mzee mmoja, amevua koti, ameshuka shimoni na anachimba. Upande wa milimani mawingu yalikuwa yamejikusanya, meusi, mawingu ya vuli. Mvua ikinyesha siku mbili tatu juu ya shimo lenye kina, Kwamdimu wangekunywa mpaka masika. Ikinyesha juu ya shimo lile jinsi lilivyokuwa, wangepata tope na mbu.

Alichimba mpaka malengelenge ya mikono yakapasuka. Kisha akasikia karai limewekwa kando yake. Swaumu alikuwa anazoa udongo.

"Wamekufukuza," alisema bila kumtazama.

"Wamenifukuza."

"Na ualimu je?"

"Sijui. Labda Jumatatu nitaambiwa."

Swaumu alijaza karai, akalisindilia kwa mkono. "Unalishika jembe vibaya. Utajikata mguu."

"Swaumu, umerudi?"

"Nimekuja kuzoa udongo. Wewe chimba."

Lakini alitabasamu, msomaji. Aligeuka haraka ili asionekane, na Salimu aliona. Akalishika jembe upya na kuchimba kama aliyelipwa kwa mwaka mzima. Wanaume wa Kwamdimu waliokuwa wamekaa kivulini walipoanza kuinuka mmoja mmoja kufuata majembe yao, ikasikika tena ile honi.

Landrova ilirudi bila DC na bila Dunstan. Aliyeteremka ni askari peke yake, na hakuwa anacheka tena.

"Simamisheni kazi!" alipaza sauti. "Amri ya Bwana DC! Mwanachama yeyote wa Chama cha Wema, wa sasa au wa zamani, ni marufuku kuligusa shimo hili mpaka kamati ya uchunguzi imalize kazi yake. Atakayekaidi nimfunge nimpeleke Handeni."

Salimu alibaki jembe likiwa hewani. "Kamati ya nani?"

"Mwenyekiti wake ni Bwana Dunstan. Amejitolea."

"Naunga mkono," ilisikika sauti ndani ya lori.

"Itamaliza lini?"

"Inaanza kwanza kwa kwenda Tanga."

Radi ilinguruma milimani. Swaumu alitua karai lake. "Na mvua je, afande? Nayo itangoja kamati?"

"Mvua sikuambiwa."

"Toka, Salimu," alisema Swaumu kwa upole.

"Siwezi kutoka."

"Toka, mume wangu. Nipe jembe."

Alilichukua mikononi mwake, lenye damu ya malengelenge kwenye mpini, akamgeukia askari. "Amri ni ya wanachama. Hicho chama kinapokea wanawake?"

Askari hakujua. Akatazama lori. Kaleb alikohoa huko juu, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima ikabidi atafute maneno mengine. "Katiba," alisema, "haiwaruhusu."

"Umesikia," alisema Swaumu, akapiga jembe ardhini.

"Mama, nitakufunga!"

Akapiga la pili. Ukingoni Bi Mwanaidi alikuwa amekwisha kujifunga kanga kiunoni, jembe katika mkono wake mzima, anashuka. Salimu alipomwona mama mkwe anaingia shimoni aliruka nje kwa upande wa pili kama aliyeungua, maana shimo moja lisingewaweka yeye na mkwewe. Nyuma ya Bi Mwanaidi walishuka wanawake wengine, na wengine walikuwa wanatoka majumbani, majembe begani.

Askari alitia mkono mfukoni akatoa pingu. Aliangalia mfuko mwingine. Hamkuwa na kitu.

Swaumu aliacha kuchimba, akamnyooshea mikono yote miwili, imejaa tope mpaka kwenye viwiko.

"Anza na mimi, afande," alisema. "Halafu utuambie wa pili utamfunga na nini."

Salimu alimwita kwa jina. Hakugeuka. Askari aliitazama pingu yake, akaitazama mikono ile, akawatazama wanawake wa Kwamdimu waliozidi kujaa shimoni. Kisha akavua viatu, akavipanga kando ya utepe, na kuanza kushuka.